Sheria ya malori California: Akiba ya mafuta yapimwaje?

Desemba 2008, miezi mitano baada ya pipa la mafuta ghafi kupindukia dola 140 katika soko la dunia, Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, Marekani, iliwabana wenye malori. Matela ya sanduku yenye urefu wa futi 53 au zaidi yalitakiwa kufungwa vifaa vya kupunguza ukinzani wa hewa, hususan mabamba ya ubavuni.

Mwenye lori aliambiwa atoe fedha leo, dizeli itamrudishia kesho. Iwapo vipimo vimekosewa, hasara ni yake.

Na kukosea ni rahisi. Mabamba hayo huokoa takriban asilimia 4 au 5 ya mafuta katika mwendo wa barabara kuu, kiasi kinachoweza kumezwa na upepo wa mbele, tairi zilizopungua upepo au dereva mwenye mguu mzito. Hata asubuhi ya baridi hubadili hesabu, kwani hewa baridi ni nzito zaidi. Pampu ikikatika mapema kwa lita 2 katika ujazo wa lita 40, kosa ni asilimia 5, sawa na akiba yote inayotafutwa. Ushuhuda wa dereva kwamba gari halinywi tena hauthibitishi kitu, hata akiwa mkweli.

Utaratibu wa J1321 wa chama cha wahandisi wa magari, SAE, hutumia malori mawili. Moja halibadilishwi kamwe. Jingine hupimwa kwanza bila kifaa, kisha likiwa nacho. Yote hupita njia ileile, na mafuta hupimwa kwa mizani, kwa kuwa dizeli hutanuka kwa joto. Upepo ukivuma huyapiga yote mawili. Kinachotazamwa ni uwiano wa matumizi yao. Masharti makali zaidi kuhusu upepo yaliongezwa mwaka 2012, wakati California ilikwishaanza utekelezaji mwaka 2010. Yalichelewa.

Lipo pia suala la mwendo. Ukipungua kwa nusu, nguvu ya ukinzani wa hewa hubaki robo. Ndiyo maana matela yasiyotoka nje ya maili 100 kutoka kituo chao yaliruhusiwa kuomba msamaha wa vifaa hivyo. Aliyebaki njia panda ni mwenye lori ambalo leo liko barabara kuu, kesho kwenye foleni za Los Angeles: kwake, asilimia ya uwanja wa majaribio ni kikomo cha juu, si ahadi.