WAVU WACHOMWA, MWENYE WAVU YUKO WAPI?

Ndugu Wafanyakazi,

Sisi wa Mountain View hatuna ziwa wala mtumbwi. Lakini jioni tukitoka kazini twapita soko la Kangemi kununua samaki wa Ziwa Viktoria, nasi twauziwa ngege mdogo kama kiganja. Nani kamvua, na kwa chombo gani?

Nyavu si sawa zote. Juya hukokotwa chini mpaka ufukoni. Hufukua viota vya ngege na kuzoa wakubwa kwa watoto. Wavu wa plastiki wa uzi mmoja ukikatika hauozi upesi. Hubaki majini ukiua samaki wasioliwa na mtu. Wavu wa matundu ya inchi 5 humwacha mdogo apite, akue, azae.

Kenya ilipiga juya marufuku mwaka 2001. Sheria ni njema, twaiunga mkono. Lakini anayekamatwa ni kibarua avutaye kamba apate posho. Mwenye juya hata miguu hakulowa, na aliyeleta nyuzi za plastiki angali anauza.

Kwa hiyo twadai:

1. Nyavu haramu zizuiwe bandarini na madukani, kabla hazijafika majini.
2. Mwenye wavu ashtakiwe kwanza, kibarua baadaye.
3. Mvuvi atakayesalimisha wavu mbaya apate mwema kwa mkopo nafuu.

Nasi wanunuzi tusijitoe. Tukatae samaki mtoto hata akiwa rahisi. Tukimla leo, kesho tutakula mchuzi mtupu.

Umoja ni nguvu.