Shosh ana kamati ya maji, sisi tuna foleni ya mitungi

Wasee, juzi nilikuwa ushago Murang'a kwa shosh. Nimezoea kuamka saa kumi alfajiri hapa Kayole kuvizia bomba, so nikaamka na mtungi mkononi. Shosh akacheka: "Rudi ulale, maji hayatoroki."

Kumbe kijiji chao kina mradi wa maji. Walichimba mtaro wenyewe, wakachagua mwenyekiti na mhazini, na kila boma lina mita. Hesabu zikikosa kueleweka, mhazini anaulizwa mbele ya watu wote. Sisi huku tunanunua maji kwa mtungi na mwenye tangi hata hatumjui.

Niliporudi nikasoma Sheria ya Maji ya 2016. Kifungu cha 94 kinasema hakuna mtu wala jamii itakayonyimwa huduma ya maji kwa sababu tu eneo lao halina faida ya kibiashara. Kisha kinaiamuru kila kaunti iweke mipango ya maji kwa maeneo ya mashambani yasiyo na faida hiyo: visima, mifumo midogo ya mabomba, vituo vya kuchotea. Na jumuiya ya wenyeji inaweza kuvisimamia kwa mkataba na kaunti.

Hapo kwa "mashambani" ndipo nilikwama. Na sisi je? Bomba likikauka siku tano kwa wiki, tuna tofauti gani na kijiji kisicho na bomba? Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haikuuliza kama unaishi ploti ama boma. Na kinachouma zaidi, maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko huko Murang'a.

Najua utaniambia kamati ya mtaani italiwa na macartel. Inawezekana, hata za ushago huvunjika. Lakini kamati niliyoichagua naweza kuitoa. Mwenye tangi siwezi.

Maoni yangu: sheria iseme wazi kwamba mtaa pia unaweza kuunda jumuiya na kupewa mkataba. Kaunti ikiita watu kutoa maoni ya bajeti, twende, tusiwaachie wazee viti. Muulize MCA wako swali moja: tukijiandikisha, mtatupa mkataba?

Mimi kesho saa kumi niko kwa foleni. Tukutane hapo, tuanze kuandika majina.