Uhalisi wa Gobori si Ukweli wa Vita

Maiti hawafufuki, ila katika mashamba ya Pennsylvania. Huko Marekani, kiangazi kifikapo, wanaume waliovaa sare za sufu, wengine za buluu na wengine za kijivu, hujipanga safu mbili, hufyatuliana baruti, huanguka majanini kwa ustadi mkubwa, kisha tarumbeta ikilia huamka, wakajipangusa vumbi na kwenda kunywa maji. Huu ndio uraibu wa kuigiza vita vya kale, na vita vinavyopendwa mno na waraibu wa huko ni vile vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865.

Kinachowatambulisha waraibu hawa ni kuukamia uhalisi. Kifungo cha koti sharti kiwe cha zama zile, uzi vivyo hivyo, na bunduki ndiyo kilele cha yote: gobori la Springfield la mwaka 1861, au la Enfield lililobuniwa Uingereza mwaka 1853. Wachache humiliki silaha asilia. Wengi hununua nakala, ambazo aghalabu huundwa Italia. Makala haya yanashikilia kuwa uhalisi wa aina hii, licha ya gharama na bidii yake, unaweza kuwa njia ya kuukwepa ukweli.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuwabeza waraibu hawa. Askari wa mwaka 1863 alirarua kwa meno karatasi iliyofunga baruti na risasi, akamimina baruti mtutuni, akashindilia risasi kwa mdeki, akapachika fataki, ndipo akalenga. Aliyefunzwa barabara aliweza kupiga mara 3 kwa dakika. Anayebeba kilo 4 za chuma na mbao chini ya jua la Julai, mwili ukitokota ndani ya sufu, hujifunza kuhusu askari huyo jambo ambalo ni vigumu kulipata maktabani. (Mwanafunzi wa Kiswahili naye angefaidika. Mdeki na fataki ni maneno yanayolala kamusini, yakisubiri mkono wa kuyaamsha.)

Lakini mdeki huohuo ndio unaofichua ufa. Katika maigizo mengi, mshiriki hukatazwa kuuchomoa uwanjani, asije akausahau ndani ya mtutu ukaruka na kumjeruhi mwenzake. Risasi nazo hazitiwi, na mtutu huelekezwa juu ya vichwa. Tahadhari hizo ni za lazima, na hakuna mwenye akili timamu atakayezipinga. Hata hivyo, zinaonyesha kwamba gobori hilo ni la kweli hadi pale linapotakiwa kufanya kazi ya gobori. Mjini Gettysburg, kwa siku 3 za Julai 1863, watu wapatao 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walipotea. Si ajabu basi kwamba shirika la serikali linalotunza uwanja huo haliruhusu safu mbili kufyatuliana wala watu kujifanya wamekufa humo. Maigizo hayo hufanyiwa kwenye mashamba ya watu binafsi.

Kisichokuwepo si risasi tu, bali pia sababu. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa. Mississippi ilikiri hivyo waziwazi katika tamko lake la mwaka 1861. Watumwa walikuwa takriban milioni 4. Mwigizaji aliyeshona kila tundu la kifungo kwa mkono atasema kuwa anaenzi ushujaa wa pande zote mbili, na papo hapo swali la kilichopiganiwa huzikwa chini ya moshi. Mazishi hayo ni ya kale. Mwaka 1913, wazee zaidi ya 50,000 waliopigana vita hivyo walikutana Gettysburg, wakapita tena njia ya shambulio la mwisho na kupeana mikono ukutani. Wapiganaji Weusi takriban hawakuonekana katika sherehe hiyo, ilhali karibu 180,000 walikuwa wameingia katika jeshi la Kaskazini.

Tamthilia ingeweza kuwafunza waraibu hawa. Ebrahim Hussein alipoandika *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969, alieleza kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe wa kisanaa, si nakala ya mtu wa historia. Na bado hadhira haihitaji bunduki asilia ya Mjerumani ili itetemeke mbele ya ahadi ya maji. Huko huko Marekani, msanii Dread Scott alithubutu jambo lililokaribia hilo. Mnamo Novemba 2019, aliwaongoza mamia ya watu kuigiza uasi wa watumwa wa Louisiana wa mwaka 1811. Walitembea takriban kilomita 42 kwa siku 2, wakiwa na mapanga na magobori. Uasi wenyewe ulizimwa na vichwa vya waasi vikatundikwa mitini. Maandamano ya Scott yaliishia New Orleans kwa ngoma na shangwe. Mpenda uhalisi atasema mwisho huo ni wa uongo. Ni kweli, lakini kila aliyeandamana alijua alichokuwa akikipigania babu aliyemwigiza.

Au utazamwe mfano wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari Weusi, kilichoishambulia ngome ya Wagner tarehe 18 Julai 1863, wiki 2 tu baada ya Gettysburg. Askari hao walipangiwa malipo ya dola 10 kwa mwezi, 3 zikikatwa za mavazi, ilhali askari Mweupe alilipwa 13. Walikataa kupokea chochote. Jimbo lao lilipojitolea kuwajazia pengo, walikataa pia, hadi Bunge lilipowasawazishia malipo mwaka 1864. Leo wapo wanaovaa sare ya kikosi hicho na kubeba Enfield ileile. Mtazamaji akitaka kuishika, na apewe. Lakini kabla ya kuirudisha aambiwe habari za dola zile 7.