Uzee wa Kipakatalishi

Wako watu wasemao kuwa kompyuta iliyotimiza miaka mitano ni kongwe, na mwenye kuitumia ni bahili au mjinga. Nimeyasikia maneno hayo hapa Bofa mara nyingi, na aghalabu wayasemao ni wale wauzao kompyuta mpya.

Kipakatalishi changu ni ThinkPad T420 cha mwaka 2011. Kiliundwa kwa kazi za ofisi, kikatumika katika ofisi nisiyoijua, kisha nikakinunua mtumba. Hakina uzuri wa sura: ni cheusi, kinene na kizito. Walakini kimeishi nami Bofa, na kuishi Bofa si jambo jepesi kwa chombo cha umeme. Upepo wa kusi huleta chumvi na unyevu hata ndani ya kabati. Mchanga mweupe hufuata nyayo mpaka mezani. Bawaba za milango huliwa na kutu. Feni ya kompyuta huvuta hewa iyo hiyo mchana kutwa.

Feni ilipoanza kukoroma, nilikifungua kwa bisibisi nikaondoa vumbi kwa brashi. Betri ilipochoka, niliichomoa kwa vidole nikatia nyingine. Diski ya kale niliitoa kwa kulegeza skrubu moja ya kifuniko, nikaweka ya SSD, na kipakatalishi kikapata wepesi ambao hakikuwa nao kilipokuwa kipya. Jirani yangu alinunua kipya chembamba kama sahani. Betri yake imegandishwa kwa gundi, na kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao. Betri ilipovimba, fundi alimshauri anunue kingine! Je, kipi kati ya viwili hivi ndicho kikongwe?

Sikatai kuwa changu kina ila. Chaji yake haikai, na video nzito hukilemea. Tena liko jambo moja ambalo wapinzani wangu wana haki nalo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikitambui rasmi kipakatalishi cha umri huu. Kutumia programu isiyozibwa nyufa zake ni kumwachia mwizi mlango wazi. Lakini tazama vizuri: siku ile hakikuugua kiungo hata kimoja. Kilichokwisha ni ruhusa, nayo ilikwisha mbali sana na Bofa. Nikaweka Linux, ambayo hailipiwi, nacho kingali kikifanya kazi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwawajibisha watengenezaji wa baadhi ya bidhaa kuzitengeneza ziharibikapo. Huko nako watu wamechoka kutupa vitu vizima.

Basi, mwanafunzi, muuzaji akikuambia kuwa chako kimezeeka, mwulize ni kiungo gani kilichokufa, na kama hakiwezi kubadilishwa. Nilimwuliza mmoja mjini Kilifi. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha bei ya kipya.