Fedha za Tabianchi Zifike kwa Mwethya

Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria huko Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, walianza kuzishawishi serikali za visiwa vyao zipeleke suala la tabianchi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 23 Julai 2025, mjini The Hague, majaji walisema kwamba kila nchi ina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na inayoukiuka wajibu huo inaweza kudaiwa fidia. Ni maoni tu, si hukumu, lakini yana uzito wake.

Kathiani yetu, katika Kaunti ya Machakos nchini Kenya, haina bahari. Ina milima ya Iveti, mito inayopitisha maji wakati wa mvua tu, na malori yanayobeba mchanga usiku. Basi wapo watakaosema fidia ikija, tutapumzika. Sisi tunasema pesa za nje bila wenyeji hazijawahi kuiponya ardhi hii.

Wakoloni walijaribu kwa nguvu. Mwaka 1938 walinyang'anya Wakamba ng'ombe, eti mmomonyoko utakoma, na mifugo hiyo ikawa inauzwa kwa bei ya kutupa. Mkamba mwenzao, Muindi Mbingu, akawaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Yeye alihamishiwa Lamu. Serikali nayo ikalazimika kulegeza amri. (Wanaopita kila siku katika barabara yenye jina lake mjini Nairobi, wangapi wanajua ni kwa sababu ya ng'ombe?) Uhifadhi wa kulazimishwa ulizaa uhasama, na udongo ukaendelea kwenda na maji.

Kilichofaa ni mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi: akina mama na majirani walioshika sururu na sepetu, wakachimba mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, shamba hadi shamba. Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilipoanza kufadhili maendeleo ya Machakos mwaka 1978, ilikuta watu wako kazini, na ndiyo maana pesa zake zilionekana. Ni hivyo hivyo kwa mabwawa ya mchanga. Kikundi kinakusanya mawe, mfadhili analeta saruji, ukuta unajengwa juu ya mwamba mtoni. Mvua zikishusha mchanga, unajaa nyuma ya ukuta na kuficha maji ambayo jua haliyafikii kwa urahisi. Kiangazi kikibana, mama anafukua shimo, anangoja litulie, anajaza mtungi.

Sasa lori likija kuzoa mchanga huo, limeiba maji. Hapo ndipo ugomvi huanzia, kati ya vijana wanaolipwa kupakia na wazee wanaolinda mto, na katika Machakos na Makueni watu wamekufa kwa ajili yake. Makueni walitunga sheria yao ya mchanga mwaka 2015. Sheria peke yake haizuii lori saa nane za usiku, lakini mto wenye wenyewe, na vijana wenye kipato kingine, huzuia.

Nchi yetu ina mpango wa kupeleka fedha za tabianchi mashinani, kwa mchango wa Benki ya Dunia, Denmark, Sweden na Ujerumani, na kamati za wadi ndizo zinazopaswa kuchagua miradi. Mpango ni mzuri. Wasiwasi wetu ni semina, posho za vikao na mabango makubwa kuliko kazi yenyewe. Kaunti ianze na vikundi vilivyokwisha kuchimba, iwaajiri vijana wa mchanga kujenga kuta badala ya kupakia malori, na itaje hadharani kila mto unaolindwa na kikundi kinachoulinda.

Orodha ya miradi ya Mitaboni, Kaani, Iveti na Kathiani mjini ibandikwe nje ya ofisi za machifu, pamoja na kiasi cha fedha, kabla ya mvua za vuli kuanza.