Risasi ya Kinondoni Inadaiwa Nani?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumekaa barazani pa msikiti wetu hapa Nachingwea tukisomesha mlango wa jinai. Walikuwapo wanafunzi wetu wa siku zote, na pamoja nao vijana watatu waliotoka Ruangwa kuja arusini. Tulipofika mahali pa diya, yaani malipo ya damu, kijana mmoja akauliza: "Maalimu, je, yule mwanafunzi aliyepigwa risasi Kinondoni, diya yake iko juu ya nani?" Hatukuwahi kumjibu. Mwenziwe akadakia kuwa iko juu ya wanasiasa walioandamana. Wa tatu akasema, la, iko juu ya polisi. Muda si muda sauti zikapanda, kila mmoja akamwuliza mwenziwe ni wa chama gani, na kitabu kikabaki wazi hakuna akitazamaye. Tukawanyamazisha, tukawaahidi kuwa jambo hili tutaliandika katika ukurasa huu, ili na walio majumbani wapate kulipima.

Kwanza tuiweke sawa khabari yenyewe, kwani wengi walioshindana siku ile walikuwa wadogo ilipotokea. Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kinondoni, Dar es Salaam, viongozi na wafuasi wa CHADEMA waliandamana kwenda kwa msimamizi wa uchaguzi kudai barua za mawakala wao. Polisi wakawatawanya, na risasi zikapigwa. Risasi moja ikampata kichwani Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa abiria ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji wala hakuwa askari. Akafa, akazikwa kwao Rombo, mkoani Kilimanjaro.

Rais John Magufuli alisikitika hadharani, akaviagiza vyombo vya dola vichunguze na kuwafikisha wahusika mbele ya sheria. Askari sita wakashikwa. Lakini mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka akalifunga jalada la kifo kile, kwa kuwa hakuridhika na ushahidi. Kwa upande mwingine Freeman Mbowe na viongozi wenziwe wa CHADEMA walifikishwa mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya mkusanyiko usio halali, uchochezi na mengineyo. Na kifo kile kikatajwa katika hati yao, ijapokuwa hawakushtakiwa kwa kuua. Tarehe 10 Machi 2020 walitiwa hatiani wakatozwa faini ambazo jumla yake ni shilingi milioni 350. Mwezi wa Juni 2021 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu ile, ikaamuru fedha zao zirudishwe.

Sasa tufanye hesabu. Wanasiasa wametoka, askari wametoka, fedha zimeamriwa zirudi kwa wenyewe. Mmoja tu ndiye hakurudi, naye ni yule binti. Hakuna mahakama hata moja iliyomtaja mtu aliyefyatua risasi ile. Hapo ndipo pa kuumia, wala si katika rangi za bendera.

Tuyatazame maneno ya kijana wa kwanza. Yeye husema: lau wasingeandamana, risasi isingepigwa. Neno hili lina sura ya kweli, lakini halitoshi. Wanazuoni wetu wa fiqhi wametenganisha tangu zamani baina ya mtu aliyelitenda jambo kwa mkono wake na mtu aliyekuwa sababu ya mbali. Wakikutana wawili hao, asili ya hukumu humwelekea mtendaji. Mtu akichimba shimo njiani, akaja mwingine akamsukuma mpita njia akatumbukia, mwenye kudaiwa damu kwanza ni aliyesukuma. Na sheria ya nchi yetu, Kanuni ya Adhabu, humshika pia aliyesaidia, aliyeshawishi, na waliokuwa na nia moja ya kutenda ovu ambalo kifo ni matokeo yake ya kutazamiwa. Lakini waandamanaji na waliowatawanya hawakuwa na nia moja. Walikuwa pande mbili zinazokabiliana. Ikiwa waandamanaji walivunja sheria ya mikutano, na waulizwe hilo. Kosa la mkutano lina adhabu yake, na kosa la kuua lina adhabu yake. Halifai moja kuwa pazia la jingine.

Kijana wa pili naye tumwulize. Husema: polisi ndio wauaji, basi wafungwe. Polisi yupi? Mwenye bunduki gani? Kwa amri ya nani? Dini yetu imetufunza kuwa hapana mtu abebaye mzigo wa mwingine, na sheria haimfungi mtu kwa sababu ya nguo aliyovaa. Katika jeshi hilohilo wamo watoto wetu wa Nachingwea na Ruangwa, ambao siku ile walikuwa lindoni mbali na Kinondoni.

Twapata mafunzo katika kesi ya msitu wa Pande. Mwezi wa Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa msituni wakauawa kwa risasi. Polisi walitangaza kuwa ni majambazi. Watu hawakuridhika, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, ambayo ilibainisha kuwa hawakuwa majambazi. Ofisa mkubwa wa polisi, Abdallah Zombe, akashtakiwa pamoja na wenziwe. Nchi nzima ilikwisha kuhukumu kabla ya jaji. Lakini Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru wote waliokuwa kizimbani, na jaji akasema kuwa wauaji khasa hawakuletwa mbele yake. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamwacha Zombe huru, kwa kuwa hatia yake haikuthibitika, ikamhukumu kifo ofisa mmoja, Christopher Bageni. Waliolia kuwa mkubwa ameponyoka walikuwa wengi. Lakini hukumu ile yatufunza mambo mawili: amri ya mkubwa haimwokoi aliyetenda, na cheo cha mkubwa peke yake hakimtii hatiani pasipo ushahidi.

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali. Kijana wa wilaya yetu hii ya Nachingwea, mfanyabiashara wa madini, alikamatwa na polisi mjini Mtwara mwezi wa Oktoba 2021, na fedha zake zaidi ya shilingi milioni 33 zikachukuliwa. Akawa azidai haki yake. Mwezi wa Januari 2022 akauawa, na mwili wake ukatupwa porini. Yeye hakupigwa risasi, lakini swali ni lilelile: nani atadaiwa, na nani atachunguza? Askari saba wakashtakiwa. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akasema hadharani kwamba haiwezekani jeshi lituhumiwe kuua kisha lijichunguze lenyewe, akamwagiza Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu na Mbunge wa Ruangwa, aunde kamati. Juni 2025 Mahakama Kuu mjini Mtwara iliwatia hatiani maofisa wawili ikawahukumu kunyongwa, na watano ikawaachia huru.

Vijana wa Ruangwa waliposikia haya walitabasamu wakasema: "Maalimu, kesi ile ilikwenda kwa kuwa mtu wetu alikuwa mkubwa." Hapo tukasikitika. Kwanza ni kumdhulumu jaji aliyekaa akapima ushahidi wa kila mmoja mbali mbali, akawatenga wawili na watano. Na pili, tuseme hayo ni kweli. Je, yule wa Rombo afanye nini, naye hakuwa na mtu mkubwa? Haki ikihitaji jamaa aliye juu ili itembee, basi siku jamaa yako atakapoteremka kitini, wewe utabaki na nini? Maadhali vyeo huja na kupita, yatupasa tuitake haki iliyo na miguu yake yenyewe.

Basi twarudi kwenye swali tuliloulizwa. Imepokewa kuwa zama za Ukhalifa wa Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, mtu mmoja alikufa katika msongamano wa watu, asijulikane aliyemwua. Khalifa akamtaka shauri Sayyidna Ali, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Naye akashauri kuwa damu ya mtu haiachwi ikapotea bure: akijulikana mwuaji, yeye atadaiwa, asipojulikana, diya italipwa na Baitulmali, hazina ya watu wote. Yatazameni mashauri hayo. Hawakuulizana marehemu alikuwa wa kabila gani, wala nani aliwakusanya watu wale. Waliona kuwa kutojulikana kwa mwuaji hakuifuti damu. Deni linahama tu, linatoka katika shingo ya mtu mmoja, linakuwa katika shingo zetu sote.

Marehemu wa Kinondoni hakuwa wa dini yetu, na hilo halipunguzi kitu, maana Kur'ani imeitukuza nafsi ya binaadamu pasipo kuuliza jina lake. Jibu letu basi ni hili: adhabu ya risasi ile iko juu ya aliyefyatua na aliyeamuru pasipo haki, wakithibitika, wasipothibitika, haifai kumtwisha mwingine ili mioyo yetu itulie. Lakini fidia kwa wazazi na uchunguzi wa kweli ni deni la umma, na jalada kufungwa si deni kulipwa. Kosa la kuua halizeeki. Ushahidi ukipatikana leo, jalada laweza kufunguliwa leo. Na sheria zetu zinamruhusu raia kuishtaki Serikali kudai fidia, akiisha kutoa notisi ya siku 90.

Enyi vijana, siku mtakapoona jambo zito, msikimbilie kusema la chama chenu. Liandikeni mliloliona kwa macho yenu: saa, mahali, na nani alikuwa wapi. Mkiitwa kushuhudia, nendeni, hata ikiwa ushahidi huo utamdhuru mtu wenu. Kesi nyingi hufa kwa kukosa mtu mmoja aliyeona na akakubali kusema. Nanyi wazazi, watoto wakishindana mezani juu ya khabari hizi, msiwaulize wako upande gani, waulizeni wamejuaje.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, yule aliyeuliza alikifunga kitabu akasema: "Basi, Maalimu, na sisi tunadaiwa." Tukamwambia ndiyo, mwanangu, na sisi.

Wabillahi tawfiq.