Kabla ya kumnunia dogo, pima RAM kwanza

Pale Tindiga, Kilosa, kuna prodyuza mmoja ambaye hana haja ya kutajwa jina, maana kila anayerekodi maeneo yale anamjua. Studio yake ni chumba kimoja, trei za mayai ukutani, maiki moja na desktop ya mtumba. Siku hizi hasalimiani na msanii chipukizi aliyekuwa kama mdogo wake wa damu.

Chanzo? Kompyuta. Ilianza kuganda katikati ya kazi, mara inajizima na kuwaka yenyewe, mara skrini yote bluu. Siku wimbo wa dogo ulipokataa kufunguka, jamaa akatoa hukumu mbele za watu: dogo kaleta virusi kwenye flash. Dogo naye akajibu kuwa hela yake ya vibarua vya mpunga imeliwa. Mtaa ukagawanyika.

Ukweli usemwe: hakuna aliyekuwa amepima chochote. Virusi vinaharibu faili, sawa. Lakini kuganda ovyo, kujiwasha upya na faili kuharibika wakati wa kusevu ni dalili za siku zote za RAM mbovu. Inaweza pia kuwa diski inayokata roho, pawa saplai iliyochoka, au joto na vumbi tu.

Na kupima ni bure. Windows ina kipimo chake ndani: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kubali iwake upya, subiri majibu. Anayetaka uhakika zaidi anaweka MemTest86 kwenye flash, anawasha mashine kwa hiyo flash na kuiacha usiku kucha. Kosa hata moja si la kupuuza. Likitokea, zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM zote, kisha pima moja moja kwenye sloti ileile. Kosa likimfuata mmoja, mbaya kapatikana. Kila RAM ikifeli kwenye sloti moja na kupona kwenye nyingine, geukia bodi. Wakati mwingine RAM imelegea tu, kuipachika upya kunamaliza kesi. Diski nayo husomwa afya yake kwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha njano au nyekundu, hamisha kazi kwanza, mengine baadaye.

Fundi aliyepita Tindiga alifanya hivyohivyo. RAM moja kati ya mbili ilimwaga makosa kabla hata chai haijapoa. Ilipotolewa, mashine ikatulia. Flash ya dogo haikuwa na kesi.

Sasa jamaa anasema yaishe kimyakimya. Hapana, kaka! Lawama ilitolewa hadharani, na msamaha uombwe hadharani. Tena hata ingekuwa ni virusi kweli, studio inayopokea hela ya mtu halafu haina kopi ya kazi yake mahali pengine, kosa ni la studio. Dogo arekodiwe upya, bure, na afute yale maneno ya kuliwa hela.

RAM ya mtumba inapatikana. Kijana aliyeitwa mharibifu mbele ya wenzake, akaacha kuimba, huyo hapatikani dukani.

Wadau mnasemaje, jamaa aombe radhi au yaishe?